Zawadi za kazi ya mikono na vitu vya kale kutoka Japani: jinsi ya kuchagua, kukagua, kununua na kuzifikisha nyumbani

Mtu akitangaza kwamba anakwenda Japani, iwe kwa masomo, kwa mafunzo ya kazi au kwa mnada wa magari ya mitumba kule Yokohama, maombi ya zawadi humfuata hadi mlangoni. Wengi hulimaliza suala hilo siku ya kuondoka, kwenye duka la uwanja wa ndege, na hurudi na mapepeo ya karatasi na paka wa plastiki ambao huenda hata hawakutengenezwa Japani. Kwa fedha hiyohiyo wangeweza kupata kikombe cha kauri chenye zaidi ya miaka mia, au kitambaa kilichotiwa rangi kwa mkono.

Mgeni akishika kitu kwenye gulio la vitu vya kale, swali lake la kwanza huwa: kina miaka mingapi? Mimi nashauri uanze na jingine: kimetengenezwa kwa malighafi gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama ni kazi ya mikono kweli, kama kitahimili joto na unyevu wa Tanga au Mombasa, na kama forodha itakuruhusu kupita nacho. Umri uje baadaye.

Hatua ya kwanza: mfikirie mtu kabla ya kitu

Andika majina ya watu wako, na mbele ya kila jina andika anachokifanya nyumbani kwake kila siku. Zawadi ya Kijapani inayokaa kabatini miaka kumi imepotea. Nzuri ni ile inayopata kazi.

Chukua mfano wa mama au shangazi wa pwani, au jamaa walioko Maskati, ambao nyumba zao hazikosi udi. Wajapani nao ni watu wa udi. Wanauita jinko, ni mti uleule unaotoka Asia ya Kusini-Mashariki, na daraja lake la juu kabisa, kyara, bei yake inatisha. Kyoto kuna maduka ya manukato ya kufukiza yenye umri mkubwa: Kungyokudo lilianzishwa mwaka 1594 na Shoyeido mwaka 1705. Humo utapata vipande vya udi na sandali vilivyopimwa kwa gramu, vijiti vya kufukiza vya bei nafuu, na vyetezo vidogo vya kauri au shaba viitwavyo koro. Utapata pia kogo, yaani vikebe vidogo vyenye kifuniko vya kuhifadhia vipande vya udi. Kwa maoni yangu kogo ndiyo zawadi isiyothaminiwa ipasavyo kuliko zote: inaingia kiganjani, haina uzito, na mwenye udi ataitumia kila Ijumaa.

Ila kuna tofauti ya matumizi ambayo lazima umweleze anayepokea. Kwetu udi huwekwa juu ya kaa lenyewe na moshi ukapanda kwenye nguo. Kwa Wajapani wa utamaduni wa kodo, yaani sanaa ya kufurahia harufu ya udi, kaa huzikwa ndani ya majivu, juu yake kikawekwa kibamba chembamba cha ulanga, na kipande cha udi kikapashwa moto bila kuungua, harufu ikatoka pasipo moshi mwingi. Kwa hiyo koro nyingi hazikuundwa kupokea kaa jekundu moja kwa moja. Nunua yenye mdomo mpana, nunua na mfuko wa majivu meupe kwenye duka hilohilo, na mwambie mpokeaji ajaze majivu hadi zaidi ya nusu kabla ya kuweka kaa. Asipofanya hivyo, kauri itapasuka.

Kwa mpenzi wa kahawa, tafuta soba choko. Ni vikombe vidogo visivyo na mkono, vilivyotengenezwa kwa ajili ya mchuzi wa kuchovyea tambi za soba. Ukubwa wake unafaa kahawa chungu au chai ya tangawizi, na vile vya zamani vya Imari, yaani kauri ya eneo la Arita, vyenye michoro ya buluu havifanani viwili.

Jihadhari na idadi. Japani seti ya sahani au vikombe ni vitano, kwa sababu namba nne huhusishwa na kifo. Mama aliyezoea nusu dazeni atauliza cha sita kiko wapi. Ama mweleze mapema, ama nunua vikombe sita tofauti, kimoja kimoja, jambo ambalo mara nyingi ni rahisi zaidi na huvutia macho zaidi.

Wapo watu ambao hawataki sanamu nyumbani kwa sababu za dini. Kwao ruka wanasesere, sanamu za Buddha na madaruma (vinyago vya mviringo vya kuombea bahati), hata kama mwenye duka anasema ni mapambo tu. Na kama unamnunulia Mwislamu kibuyu cha tokkuri ukidhani ni chombo cha maua, fahamu kwamba ni cha kumiminia pombe ya mchele. Atakayekuja kuambiwa na mgeni mwingine hatafurahi.

Wenzako wa kazini, ambao ni wengi na mfuko wako ni mmoja, wamalize kwa tenugui: kitambaa cha pamba cha takriban sentimeta 35 kwa 90, bei yake ni kati ya yeni 1,000 na 2,000 hivi. Zilizotiwa rangi kwa njia ya chusen zina rangi iliyopenya pande zote mbili. Zilizochapwa kwa mashine upande wa nyuma umefifia. Geuza uone. Furoshiki, kitambaa cha mraba cha kufungia vitu, kina faida ya ziada kwamba kinaweza kuwa ndicho kifungashio cha zawadi nyingine.

Hatua ya pili: wapi pa kwenda, na siku gani

Kyoto ina magulio mawili ambayo yanafaa uyapangie safari. La kwanza ni la hekalu la Toji, tarehe 21 ya kila mwezi, mwendo wa kama dakika kumi na tano kwa miguu kutoka stesheni kuu. La pili ni la Kitano Tenmangu, tarehe 25 ya kila mwezi. Yote huanza asubuhi sana, na wanaojua hufika wakati wauzaji bado wanafungua masanduku. Ya Desemba na Januari hufurika watu kiasi kwamba kukagua kitu kwa utulivu ni shida. Kama una hiari, chagua mwezi mwingine.

Tokyo kuna Oedo Antique Market, kwenye uwanja wa Tokyo International Forum karibu na stesheni ya Yurakucho, kwa kawaida Jumapili ya kwanza na ya tatu ya mwezi. Ni la wazi, hivyo mvua ikinyesha hufutwa. Angalia tovuti yao asubuhi hiyo kabla hujapanda treni. Kila Desemba na Januari, tarehe 15 na 16, kuna gulio la Boroichi mtaa wa Setagaya, lenye vitu vya kale pamoja na vikorokoro vya kila aina.

Kwa kazi mpya ya mafundi, nenda Japan Traditional Crafts Aoyama Square, karibu na kituo cha Aoyama-itchome. Pale huuzwa bidhaa zilizotambuliwa rasmi chini ya sheria ya mwaka 1974 ya kukuza ufundi wa jadi. Ili kazi ya eneo fulani itambuliwe, ni lazima iwe na historia ya takriban miaka mia na iwe inatengenezwa hasa kwa mikono, kwa njia na malighafi za jadi. Kazi zilizotambuliwa sasa zimepita 240, na zikikaguliwa hubandikwa kibandiko chenye alama ya herufi 伝 na duara jekundu. Ukikiona kibandiko hicho, nusu ya kazi ya kuchunguza umefanyiwa.

Kabla ya kununua chochote cha gharama, tenga nusu siku kwenda Mingeikan, jumba la sanaa za watu wa kawaida lililofunguliwa mwaka 1936 na Yanagi Soetsu katika mtaa wa Komaba, Tokyo. Humo mna vyombo vya jikoni, vikapu na nguo za wakulima, vitu ambavyo waliovitengeneza hawakutia saini. Jicho lililokaa humo saa mbili linatoka likiwa kali zaidi kwa mchuuzi wa gulioni.

Mwenye muda wa kutoka mjini afuate wafinyanzi walipo. Mashiko hufanya maonyesho ya vyombo majira ya kuchipua na ya vuli, na Arita, nyumbani kwa kauri ya Japani tangu mwanzoni mwa karne ya 17, huwa na soko kubwa kuanzia tarehe 29 Aprili hadi 5 Mei.

Kappabashi, mtaa wa vyombo vya jikoni kati ya Ueno na Asakusa, si wa vitu vya kale, lakini kwa kijana anayependa kupika hakuna mahali bora pa kununua kisu. Maduka mengi huchonga jina kwenye kisu.

Hatua ya tatu: kukagua

Omba ruhusa kwanza. “Sawatte mo ii desu ka?” ni kuuliza kama unaweza kushika. Kisha shika kwa mikono miwili, juu ya meza, pete na bangili umevua.

Lakari ndipo wageni wanapodanganyika zaidi, na mara nyingi bila muuzaji kusema uongo wowote. Bakuli jekundu linalong'aa linaweza kuwa la mbao lililopakwa utomvu wa mti wa urushi tabaka juu ya tabaka, au linaweza kuwa plastiki iliyopuliziwa rangi. Kwa macho yanafanana. Jibu liko kwenye kibandiko, kwani sheria ya lebo za bidhaa za nyumbani inamtaka mtengenezaji ataje kiini na mpako. Kiini kikiandikwa 天然木 ni mti halisi. 合成樹脂 au ABS ni plastiki. Na kukiwa na herufi 木粉 ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki. Mpako ukiwa 漆 ni urushi. Ukiona ウレタン ni rangi ya kiwandani. Piga picha herufi hizi uwe nazo kwenye simu. Bakuli la Wajima, mji maarufu kuliko yote kwa lakari, halipatikani kwa yeni 2,000, na ukiliona kwa bei hiyo rudia kusoma kibandiko. Mji huo ulipigwa vibaya na tetemeko la tarehe 1 Januari 2024, karakana nyingi zikaanguka na soko lake la asubuhi likateketea, kwa hiyo anayenunua kazi halisi ya Wajima sasa anamshika mkono fundi anayejijenga upya.

Kauri iweke kwenye mwanga na uzungushe ukingo polepole kwa kidole. Pengo dogo ukingoni Wajapani huliita hotsu, ufa mwembamba huitwa nyu, na mtandao wa mistari midogo ndani ya tabaka la juu linalong'aa kama kioo huitwa kannyu. Hii ya mwisho mara nyingi si kasoro, fundi aliikusudia. Gonga taratibu kwa kucha: chombo kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti ya kukauka. Muuzaji mwaminifu ataandika nyu ari kwenye karatasi ya bei, maana yake ufa upo, na bei itakuwa imeshuka. Kwa kisahani cha mapambo, chukua. Kwa kikombe cha kutilia kahawa ya moto, acha.

Usishtuke ukikuta chini ya sahani ya Imari maandishi yanayotaja utawala wa kifalme wa Uchina. Wafinyanzi wa Arita waliiga alama hizo kwa muda mrefu. Si ushahidi kwamba chombo ni cha Kichina wala kwamba ni cha umri huo.

Mwenye bajeti ndogo anayetaka kitu cha kale kweli atafute inban: sahani na bakuli za enzi ya Meiji, 1868 hadi 1912, ambazo michoro yake ya buluu haikuchorwa kwa brashi bali ilipigwa kwa karatasi iliyotobolewa au chapa ya bamba la shaba. Utaitambua kwa buluu kali, michoro inayojirudia, na mahali ambapo vipande viwili vya mchoro havikukutana sawasawa. Wakusanyaji wakubwa hawaisumbukii, ndiyo maana bado unaweza kuondoka na sahani kwa noti moja au mbili za yeni 1,000. Mimi huona ule mchoro uliopishana ni uzuri wake.

Birika la chuma la Nambu, kutoka Morioka na Oshu katika mkoa wa Iwate, lina ndugu wawili ambao wanunuzi huwachanganya. Tetsubin ni la kuchemshia maji: ndani ni chuma kitupu, linakaa juu ya moto. Kyusu ya chuma ni ya kuchovyea majani ya chai tu: ndani imepakwa enameli, na ukiiweka motoni enameli itaharibika. Funua kifuniko utazame. Kwa mwenye jiko la mkaa tetsubin ni kama limerudi kwao, kwa sababu lilibuniwa kwa ajili ya makaa. Kumbuka tu uzito wake. La ukubwa wa kawaida hula kilo moja na nusu au zaidi ya mzigo wako.

Kimono cha mtumba kinaweza kuanzia yeni 1,000 gulioni, lakini hariri ya kukaa sandukuni ina harufu, madoa ya manjano na mishono iliyolegea. Kinuse, kisha kivute kidogo kwenye mshono wa bega. Upana wa kitambaa chake ni kama sentimeta 36 tu, fundi cherehani wako anapaswa kulijua hilo kabla ya kuahidi gauni. Mimi ningechukua obi, ule mkanda mpana wa takriban sentimeta 30 na urefu wa mita nne: ukiutandaza juu ya meza ndefu, hauhitaji sindano.

Picha za kuchapwa kwa mbao nitazipitia haraka. Nenda na kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vilivyopangika, ni chapa ya kisasa ya mashine. Chapa ya mkono rangi yake ni bapa na huonekana imepenya nyuma ya karatasi. Maduka ya kuaminika yapo mtaa wa Jimbocho, Tokyo, na nakala mpya zilizochongwa upya kwa mkono ni zawadi halali kabisa mradi muuzaji aseme ni mpya.

Hatua ya nne: usivyopaswa kugusa

Pembe za ndovu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza hatua hiyo. Kenya mwaka huohuo iliteketeza hadharani tani 12 za pembe. Ndani ya Japani kwenyewe soko la pembe liliendelea kuwa halali, kwa hiyo utazikuta mezani bila kificho: vifungo vya kuchongwa vya netsuke, mihuri ya majina, na hata sehemu usizozitarajia, kama vifuniko vya vikebe vya chai vya chaire na ncha za vijiti vya picha za kukunjwa. Muuzaji akikuambia ni ya kale na haina tatizo, anazungumzia kuimiliki Japani. Kuitoa nchini ni kosa, na kuingia nayo Dar es Salaam au Nairobi ni balaa la jela. Jifunze herufi 象牙 na uulize “Zoge desu ka?”

Hali ni hiyohiyo kwa bekko, 鼈甲, yaani gamba la kasa aina ya ng'amba, linalotumika kwenye vitana na vibanio vya nywele vya zamani. Netsuke na vitana vya mbao vipo vingi. Panga za samurai zinahitaji cheti cha usajili na kibali cha kusafirisha. Hazifai kuwa zawadi ya msafiri wa kawaida.

Hatua ya tano: bei, adabu na malipo

Dukani bei ni bei. Gulioni unaweza kuomba upunguziwe, lakini si kwa mtindo wa Kariakoo wa kutaja nusu na kuondoka ili uitwe. Ukifanya hivyo hutaitwa. Njia inayofaa ni kukusanya vitu viwili vitatu vya muuzaji mmoja, kuviweka pamoja na kuuliza kwa upole, “Sukoshi yasuku narimasu ka?” Akishusha kidogo, shukuru, lipa. Akikataa, usirudie.

Beba yeni taslimu, noti za 1,000 nyingi. Mashine za kutolea fedha za maduka ya 7-Eleven hupokea kadi nyingi za nje. Kwenye maduka yenye alama 免税 mgeni wa muda mfupi husamehewa kodi ya mauzo ya asilimia 10 akinunua kuanzia yeni 5,000 kabla ya kodi, akionyesha pasipoti. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu unageuka: unalipa yote, kisha unarudishiwa baada ya forodha kuthibitisha bidhaa wakati wa kuondoka. Mwanafunzi anayeishi huko hahusiki.

Uliza kama kitu kina sanduku lake. Sanduku la mti wa kiri lenye maandishi na saini ya fundi, tomobako, ni sehemu ya thamani ya kitu. Usilitupe kupunguza mzigo.

Hatua ya sita: kufunga na kusafirisha

Kauri iende mkononi. Jaza soksi ndani ya kila kikombe kabla ya kukizungushia nguo, maana vingi huvunjika kwa kubanwa na siyo kwa kuanguka. Sahani zisimame wima sandukuni. Kisu, hata kiwe kimefungwa namna gani, kiende kwenye mzigo wa chini ya ndege. Weka risiti zote pamoja kwenye begi la mkononi, kwa sababu afisa wa forodha akiona birika la chuma na kauri tano za buluu atauliza bei, na bei bila risiti huwa ya kukadiriwa na yeye. Posta ya Japani hupokea kifurushi cha EMS hadi kilo 30. Kinafaa kwa nguo na vitambaa.

Hatua ya saba: kadi ndani ya zawadi

Andika kwa Kiswahili jinsi ya kutunza, mistari michache. Lakari: isikae juani, isiingie kwenye maikrowevu, ioshwe kwa sifongo laini na ikaushwe mara moja. Chombo cha udongo chenye vinyweleo: kabla ya kutumika mara ya kwanza kichemshwe taratibu ndani ya maji yaliyooshewa mchele, wanga wake huziba matundu madogo ili chai isiache madoa. Kisu cha chuma cha kaboni: kifutwe kikauke kila baada ya kukata, hasa baada ya limau, na kipakwe mafuta kidogo kwa anayeishi karibu na bahari. Tetsubin: maji yakimaliza kuchemka yamwagwe yote, kifuniko kiachwe wazi birika likauke kwa joto lake, na ndani lisisuguliwe kamwe. Kutu nyekundu ikitokea na maji yakabaki safi, hakuna madhara. Maji yakibadilika rangi, achemshe humo majani ya chai ya kijani kwa nusu saa, amwage, na arudie mara moja au mbili. Kutu itageuka nyeusi na maji yatatoka meupe tena.